Boti Haina Breki: Kuanza Kuendesha Boti Ndogo ya Injini

Anayetoka kwenye gari au pikipiki huja majini na mazoea mawili yatakayomponza. Hudhani chombo kitageuka pale pale anapokigeuza, na hudhani akipunguza moto, yaani kasi ya injini, kitasimama. Boti hugeuka kwa kuchelewa, huendelea kuteleza hata injini ikinyamaza, na muda wote huo upepo na mkondo vinaisogeza vinakotaka. Kwa hiyo karibu kila kitu nitakachoeleza hapa ni namna ya kufanya jambo mapema. Majini, ukisubiri mpaka uone unalihitaji, mara nyingi umeshachelewa.

Nazungumzia boti ya wazi ya mita 4 hadi 6, yenye injini ya kufunga nyuma ya nguvu za farasi 8 hadi 40, inayoongozwa kwa mkono wa injini yenyewe. Mwenye boti ya usukani wa mviringo atatumia yale yale, tofauti ni kwamba usukani huuzungushia upande unaotaka kwenda, ilhali mkono wa injini husukumwa upande wa pili.

Ukiwa bado nchi kavu

Anza na kizibo. Boti nyingi ndogo zina tundu nyuma, chini kabisa, la kutolea maji zikiwa zimepandishwa. Kizibo chake kikisahauliwa, maji huingia taratibu chini ya ubao wa sakafu na hutayaona mpaka boti imekuwa nzito na tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, imezama. Wakati huo injini inaweza kuwa bado inanguruma vizuri tu. Kifunge kizibo kabla hujapakia chochote.

Kisha shika injini kwa mikono miwili uitikise. Skrubu mbili za kubania nyuma ya boti hulegea kwa mtetemo. Zikaze kwa mkono, na uzikague tena baada ya dakika kumi za kwanza za mwendo. Mnyororo au kamba ya kuifunga injini kwenye boti usiiache, kwa sababu injini iliyochomoka kwenye kona haikupi nafasi ya kuidaka. Angalia pia kile kibamba bapa kilicho juu ya propela: injini ikiwa wima, kinatakiwa kiwe usawa wa sakafu ya chini ya boti au sentimita 2 hadi 3 chini yake. Kikikaa juu mno, propela hunyonya hewa, injini inapiga kelele na boti haisogei. Kikikaa chini mno, unaburuta chuma majini na kuchoma mafuta bure. Ndiyo maana injini huuzwa kwa miguu ya urefu tofauti: mfupi ni kwa boti yenye ubao wa nyuma wa kimo cha sentimita 38 hivi, mrefu kwa sentimita 51 hivi.

Mafuta. Injini ya mipigo miwili huchanganyiwa oili maalumu ya injini za boti, na kwa nyingi kipimo ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au nusu lita kwa tanki la lita 25. Baadhi ya injini za zamani, na nyingi zikiwa mpya bado zinalainika, hutaka oili zaidi. Kitabu cha injini ndicho cha kufuata. Oili ikiwa pungufu pistoni hukwama, ikizidi plagi hujaa masizi. Injini ya mipigo minne haichanganyiwi. Oili yake iko ndani na hupimwa kwa kijiti injini ikiwa wima, kwa sababu ikiwa imelala kipimo hudanganya.

Tanki la kubebeka lijazie nchi kavu, kamwe usilijazie ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hushuka, hulala kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na husubiri cheche. Acha nafasi kidogo juu, petroli hutanuka juani.

Kuhusu kiasi, kadirio la kuanzia kwa injini ya mipigo minne ikiwa moto wote ni lita 0.4 kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi. Injini ya 15 basi inakunywa lita 5 hadi 6 kwa saa, na ya mipigo miwili yenye kabureta hunywa zaidi ya hapo. Gawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba. Tanki la lita 25 linakupa lita 8 za kwenda, basi. Fungu la tatu halihesabiwi kwenye mpango wa safari hata siku maji yametulia, kwa sababu njia ya kurudi ikiwa na upepo wa mbele inaweza kula mara mbili ya ulichotumia kwenda.

Mzigo nao una hesabu. Ukikosa kibao cha mtengenezaji, zidisha urefu wa boti kwa upana wake kwa mita, kisha gawanya kwa 1.4. Boti ya mita 4.5 kwa 1.6 inatoa 5, yaani watu watano, kwa maji tulivu. Mawimbi yakiwepo, punguza. Mzigo mzito uwe chini na katikati. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha kabla ya kuondoka. Jaketi lililokaliwa kama mto haliokoi mtu, maana anayeanguka haanguki nalo.

Vitu vya kubeba nitavitaja haraka: makasia mawili, nanga na kamba yake, kopo la kufulia maji, yaani kuyatoa botini (lifunge kwa uzi, huelea na kwenda zake), kisu, filimbi, tochi, plagi za akiba na spana yake, pini za propela, koleo, maji ya kunywa, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) ukiwa nayo, chaneli ya dharura ni 16. Na mwambie mtu aliyebaki nchi kavu unaelekea wapi na utarudi saa ngapi.

Kuwasha

Shusha injini mpaka propela na matundu ya kunyonyea maji yazame. Fungua skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tanki. Unganisha mpira wa mafuta, kisha binya lile tufe lililo kwenye mpira huo, mshale wake ukielekea injini, mpaka liwe gumu mkononi. Likikataa kuwa gumu, kuna mahali panapovuja au tanki ni tupu.

Sasa kamba nyekundu ya kuzimia injini. Upande mmoja unachomekwa kwenye swichi, mwingine unafungwa mguuni au kwenye jaketi lako. Ukianguka, klipu inachomoka na injini inazima. Bila kamba hiyo, boti isiyo na mtu kwa kawaida haiendi mbele moja kwa moja. Mkono wa injini hujigeuza upande, boti inazunguka duara na kurudi palipo na aliyeanguka, propela ikiwa kasi. Sioni sababu yoyote inayotosha kuiacha ikining'inia.

Gia iwe nyutro. Injini ikiwa baridi vuta choki, weka moto kwenye alama ya kuwashia, tazama nyuma yako usije ukampiga mtu kiwiko, kisha vuta kamba polepole mpaka uhisi imeshika, ndipo uivute kwa nguvu mfululizo. Ikishika, rudisha choki taratibu na uiache ipate joto dakika mbili tatu.

Macho yaende nyuma ya injini. Kuna tundu dogo linalorusha mshipa mwembamba wa maji. Hayo ndiyo maji ya kupozea, na yakionekana ujue pampu inafanya kazi. Usipoyaona ndani ya nusu dakika, zima. Ndani ya pampu kuna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mapezi, inayolainishwa na maji yenyewe. Ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi mapezi yake huungua na kukatika. Kwa sababu hiyo hiyo usiiwashe injini nchi kavu bila maji hata “kuisikiliza tu”.

Kushika mwendo

Ukisukuma mkono wa injini kulia, omo, yaani pua ya boti, inakwenda kushoto. Lakini kinachosogea kwanza ni tezi. Boti huongozwa kutokea nyuma, ikizunguka kwenye sehemu iliyo karibu na katikati yake, hivyo unapogeuza omo kushoto, tezi inajitupa kulia. Kila anayegonga gati wakati wa kuondoka amesahau hili: amepinda kwenda nje, na tezi imeingia ndani.

Basi, kuondoka, ama sukuma omo kwa mkono mpaka itoke ndipo utie gia ya mbele, ama toka kinyumenyume. Kwa kinyumenyume, elekeza mkono wa injini upande wa gati. Propela itatazama nje, nawe ukitia rivasi kwa moto mdogo tezi itavutwa mbali na gati. Upepo ukiwa unakubana kwenye gati, njia hii ndiyo inayofanya kazi. Gia itie injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, na uitie kwa mkupuo mmoja. Kuisukuma kwa woga hufanya meno yasagane, na ile milio ya krr-krr ni chuma kinachopungua.

Nje, penye nafasi, ongeza moto. Omo itainuka sana na hutaona mbele vizuri kwa sekunde kadhaa, halafu, ikiwa injini inatosha mzigo, boti itapanda juu ya maji na omo itashuka. Hapo punguza moto kidogo. Itaendelea kukimbia juu ya maji kwa mafuta machache. Omo isiposhuka, peleka mtu mmoja mbele au punguza mzigo. Boti inayokimbia huku pua iko juu inakunywa mafuta mengi kuliko ikiwa polepole au ikiwa kasi. Ikiwa boti inarukaruka omo juu chini hata kwenye maji laini, injini imeegeshwa mbali mno na ubao wa nyuma: sogeza ile fimbo ya kuegemea, inayopanga mwinamo wa injini, tundu moja kuelekea boti. Ikiwa omo inachimba maji na usukani umekuwa mzito, sogeza kinyume.

Kona ya ghafla kwa kasi itaingiza hewa kwenye propela, injini italia kama imeachiwa. Punguza moto, nyoosha, itashika tena. Na usikate moto wote ghafla ukitoka kasi. Wimbi lako mwenyewe linakufuata nyuma, na boti ikisimama linaikuta tezi ikiwa chini na kumiminika ndani. Punguza kwa hatua.

Mawimbi ya mbele usiyapokee uso kwa uso kwa kasi wala usiyape ubavu. Yakate kwa pembe ya digrii 30 hadi 45, moto ukiwa mdogo, ongeza kidogo unapopanda na punguza kabla ya kilele. Mawimbi ya nyuma yanaonekana ya upole zaidi ila ndiyo ya kuogopa. Boti ikiteremka mbele ya wimbi kwa kasi, omo huchoma kwenye maji, tezi hubebwa pembeni, na chombo hulala ubavu. Kaa kwenye mgongo wa wimbi lililo mbele yako, ukienda kwa mwendo wake, bila kulipita.

Maji yakiingia, yafue mara moja. Maji yaliyo huru ndani ya boti hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi, kwa hiyo ndoo tatu zinazotembea ni mbaya kuliko mzigo wa uzito huo huo uliotulia.

Njia na wenzako

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977, zinamhusu pia mwenye boti ya mita 4. Ukikutana na chombo cha injini uso kwa uso, kila mmoja anapinda kulia. Kikikatisha njia kutokea kulia kwako, wewe ndiye unayepisha, na upishe kwa kupita nyuma yake. Unayempita mwenzako kutokea nyuma ndiye unayejihadhari. Chombo cha matanga na chombo kinachovua kwa nyavu au majarife hupishwa na chenye injini. Unapopisha, geuka mapema na kwa upana ili mwenzako aone umegeuka. Vipindo vidogo vidogo humchanganya. Mlio mmoja mfupi maana yake napinda kulia, miwili kushoto, mitatu narudi nyuma, mitano au zaidi sikuelewi au kuna hatari.

Usiku: nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe. Boti ya chini ya mita 7 isiyozidi noti 7 (kilomita 13 hivi kwa saa) inaruhusiwa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Lakini anayeanza asiende usiku.

Nanga

Nanga hufungwa omo. Kwenye tezi, mkondo au wimbi huvuta chini upande ule ule wenye uzito wa injini na ubao mfupi, na boti hujaa maji kabla hujafikia kisu. Chukua kina cha maji, ongeza kimo cha omo kutoka majini, zidisha kwa 5. Mita 4 na mita 1 ni 5, hivyo kamba mita 25. Upepo ukikaza, zidisha kwa 7, mita 35. Mita 3 hadi 5 za mnyororo karibu na nanga huilaza ili meno yachimbe. Ishushe kwa mkono bila kuirusha, rudi nyuma taratibu mpaka kamba ikaze, kisha tafuta vitu viwili nchi kavu vilivyo mstari mmoja. Vikiachana, nanga inakokota.

Kurudi gatini

Hapa ndipo mazoezi yanapohitajika, na nashauri uyafanye kwanza na boya au dumu tupu lililotiwa nanga, penye nafasi, mpaka uweze kusimama kando yake bila kuligusa.

Kabla ya kukaribia, simama mbali kidogo, nyutro, utazame boti inasukumwa wapi. Njoo ukiwa unaelekea kule upepo au mkondo unakotoka, chochote kati ya hivyo chenye nguvu zaidi, ili kikusaidie kusimama. Ukija nacho mgongoni kitakupeleka hata injini ikiwa imezimwa. Maboya ya ubavuni, ya kuzuia boti isigonge gati, yawe yameshashushwa na kamba za omo na tezi ziko tayari mkononi. Elekea gati kwa pembe ya digrii 20 hadi 30, gia ikiingia na kutoka: mbele sekunde mbili, nyutro, teleza, mbele tena. Mwendo sahihi ni ule ambao ukigonga hutavunja kitu. Ukibakiwa na urefu mmoja wa boti, kaa nyutro. Omo ikikaribia, sukuma mkono wa injini mbali na gati ili propela itazame gati, tia rivasi, moto kidogo. Kwa tendo hilo moja boti inasimama na tezi inavutwa ndani.

Upepo ukikusukuma kuelekea gati, simama sambamba, mita moja nje, uuache ukulaze. Ukikutoa nje, njoo kwa pembe kubwa zaidi na ufunge kamba ya omo kwanza. Ukiona umekosea, ondoka, zunguka, anza upya. Hakuna anayefunga vizuri kwa kulazimisha. Na mkono au mguu usiwekwe kati ya boti na gati, hata boti iwe ndogo namna gani: nusu tani inayoteleza polepole inavunja mfupa.

Mtu akianguka, injini ikizima

Mtu akianguka kulia, tia nyutro na ugeuze omo kulia, upande wake, ili tezi na propela vimwepuke. Mmoja amnyooshee kidole asimpoteze machoni. Zunguka, mrudie ukiuelekea upepo, polepole, na uzime injini kabisa anapofikika. Nyutro haitoshi, propela ya nyutro inaweza bado kuzunguka. Mvute ndani kwa ubavu wa katikati, wengine wakikalia upande wa pili.

Injini ikizima, tia nanga kwanza kama kina kinaruhusu, ndipo utafute. Anza na vitu vyepesi: klipu ya kamba ya kuzimia imechomoka? Tufe la mpira likiwa limebonyea na kunywea, skrubu ya hewa ya tanki imefungwa. Dalili yake ni injini kwenda vizuri dakika chache kisha kufa. Tufe likiwa gumu, fungua plagi. Ikiwa imelowa, imenywa mafuta kupita kiasi: toa klipu ya kuzimia ili isitoe cheche, vuta kamba mara tano sita plagi zikiwa nje, zifute, zirudishe, jaribu bila choki. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Kwenye kichujio angalia tabaka la chini, maji hukaa chini ya petroli.

Injini ikiwa inanguruma lakini boti haiendi, na propela yako ni ya kushikwa kwa pini, huenda imegonga kitu na pini imekatika. Imetengenezwa ikatike ili gia zisivunjike, hivyo usiweke msumari mgumu badala yake. Mshipa wa maji ukikatika njiani, zima, inua injini, toa nailoni au majani kwenye matundu ya kunyonyea, na uzibue tundu la kutokea kwa waya mwembamba. Usipofaulu, shika makasia. Impela ibadilishwe kila mwaka au miwili hata kama bado inasukuma.

Ukishafunga

Baada ya maji ya chumvi, endesha injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi dakika 10, kwa bomba au ikiwa ndani ya pipa. Yenye kabureta, ukimaliza chomoa mpira wa mafuta uiache ijizimie, maana petroli iliyolala ndani huacha gundi inayoziba matundu madogo. Vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu wa injini ili viliwe na kutu badala yake, vikiliwa nusu, vibadilishe, na usivipake rangi.

Oili ya gia iangalie kila baada ya saa 100. Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili imeruhusu maji kuingia. Kuibadilisha, fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, iache itoke yote. Jaza oili mpya kutokea chini mpaka ifurike tundu la juu, kwa sababu ukimimina kutokea juu hewa hubaki ndani. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo utoe mrija na kufunga haraka ya chini, kila moja na washa (pete ya kuzuia uvujaji) mpya.